Alama za Beni na Alama za Barafu
Mashindano ya ngoma ya beni, yaliyovuma pwani ya Tanganyika, yalivikutanisha vikundi vya Marini na Arinoti, na ushindi ulitegemea sana macho ya umati: fahari ya sare, ukali wa nyimbo, wingi wa wafuasi. Tofauti na beni, mchezo wa kuteleza kwenye barafu uliweka majaji, lakini upendeleo haukukoma. Katika Olimpiki ya Salt Lake City, 2002, jaji wa Ufaransa alidaiwa kushinikizwa kuwapendelea washindi, na Wakanada wawili waliokuwa wa pili wakapewa nao dhahabu. Mwaka 2004 kipimo cha zamani, ambacho alama yake ya juu ilikuwa 6.0, kiliachwa. Sasa kila mruko una thamani yake, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, hatua ya haki kweli kweli. Usanii, kama madaha ya mchezaji wa ngoma Bagamoyo, bado hupimwa kwa jicho.