Usilipie yuniti moja mara mbili: Hesabu ya krediti kabla ya kupanda ndege

Hebu fikiria hivi. Umepanda matatu Rongai, umelipa nauli hadi mjini. Mkifika Bomas gari linaharibika, mnahamishiwa lingine, na makanga wa pili anakwambia ulipe upya kuanzia Rongai. Utakubali? Najua zogo litasikika hadi Lang'ata.

Kwenye elimu ya juu watu hukubali kila siku. Mwanafunzi anahama chuo akiwa na yuniti alizolipia, akakesha nazo na akazipita. Akifika kule kwingine anaambiwa hazitambuliki, aanze upya. Analipa tena na kunyamaza.

Leo nataka tuangalie jinsi mambo haya yanavyoenda Marekani. Wengi wenu mna ndugu au beshte aliyeenda kusoma huko, na wengine mnajaza fomu usiku huu huu. Habari nyingi zinazozunguka mtaani ni za viza na skolashipu. Za krediti ni chache mno, ilhali huko ndiko pesa zinakovujia.

Kwanza sahau ile habari ya "miaka minne". Digrii ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120, na kozi moja ya semesta mara nyingi ina krediti 3. Sasa, sehemu kubwa ya hizo 120 haihusiani na kile unachoenda kusomea. Inaitwa elimu ya jumla: uandishi wa Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, sanaa, sayansi ya jamii. Kwenye vyuo vya umma vya Texas elimu ya jumla ni krediti 42. Florida ni 36. Kwa hivyo hata kama umeenda kusomea kompyuta, karibu thuluthi moja ya digrii yako ni masomo ambayo kila mtu lazima apitie. Ni kama zile yuniti za pamoja za mwaka wa kwanza hapa kwetu, ila huko ni nyingi zaidi.

Na thuluthi hiyo ndiyo unayoweza kuipunguzia bei. Kuna njia mbili kuu.

Ya kwanza ni kuhamisha krediti. Unasoma masomo hayo kwenye chuo cha jamii, ambako karo huwa chini sana, kisha unahamia chuo kikuu. Majimbo mengine yameiweka njia hii kisheria. Texas, ukimaliza zile krediti 42 zote katika chuo cha umma, chuo kingine cha umma cha jimbo hilo lazima kizipokee kama furushi moja. Florida kozi zina namba za pamoja, kwa hivyo kozi yenye namba ile ile inahesabika kuwa kozi ile ile hata ukihama.

Ya pili ni mtihani. Tangu 1967 kuna mitihani iitwayo CLEP, inayosimamiwa na College Board, wale wale wa SAT. Iko 34. Hukai darasani hata siku moja: unajisomea, unafanya mtihani wa takriban saa moja na nusu, na ukipata alama 50 kwenye kipimo cha 20 hadi 80, vyuo vingi hukupa krediti 3 au zaidi. Ada ya mtihani iko chini ya dola 100, ingawa kituo cha mtihani kinaweza kuongeza yake. Vyuo zaidi ya 2,900 vinaitambua.

Piga hesabu na mimi. Chukua chuo kinachotoza dola 400 kwa krediti. Kozi moja ya krediti 3 ni dola 1,200, yaani kama Sh156,000 ukibadilisha kwa Sh130. Mtihani wa somo hilo hilo ni kama Sh13,000. Ukipita mitihani mitano ya krediti tatu tatu, umepunguza semesta nzima. Na semesta haina karo peke yake. Kuna nyumba, chakula, bima na nauli. Kwa familia iliyouza shamba au kufanya harambee, semesta moja si jambo dogo.

Sasa mbona kila mtu hafanyi hivyo? Kwa sababu anayeamua thamani ya krediti zako ni chuo kinachokupokea. Wewe huna kura, na chuo ulichotoka hakina. Na hicho kinachoamua ndicho kitakacholipwa ukirudia somo. Ona mwenyewe mgongano wa maslahi ulipo. Mwaka 2017 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Waliotoka vyuo binafsi vya biashara kwenda vya umma walipoteza asilimia 94. Karibu zote! Kwa hivyo chuo kikikupigia simu kikikuahidi kwamba "krediti zetu zinahamishika popote", kiombe maandishi kutoka kwa chuo unachotaka kuhamia. Ahadi ya anayeuza haihesabiki.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mtoto aliyesoma shule ya bei Nairobi akafanya A-Level ya Cambridge au IB, vyuo vingi vya Marekani humpa krediti kwa masomo aliyofanya vizuri. Anaingia mwaka wa kwanza akiwa tayari amevuka kozi kadhaa. Wewe wa KCSE, hata ukiwa na A, cheti chako kinachukuliwa kama cha kumaliza sekondari tu, na unaanza sufuri. Yaani aliyekuwa na pesa tangu mwanzo ndiye anayepunguziwa bei. CLEP ni mojawapo ya njia chache ambazo mtoto wa shule ya kutwa anaweza kutumia kuziba pengo hilo, na ndiyo maana inauma kwamba hapa kwetu watu hawaijui.

Basi ukitaka kupanga, anzia mwisho urudi nyuma. Chagua kwanza chuo ambacho jina lake litakuwa kwenye cheti. Ingia kwenye tovuti yake utafute sera ya krediti za kuhamishwa na za mitihani. Kila chuo kina yake, na vile vya majina makubwa vingi havitaki kusikia CLEP. Kisha chukua orodha ya elimu ya jumla ya chuo hicho uweke kila sharti kwenye mstari wake. Mbele ya kila mstari andika utalimaliza vipi: kwa mtihani, kwa chuo cha jamii, au darasani hapo hapo. Angalia pia kozi inayoweza kutimiza masharti mawili kwa mpigo.

Halafu chunga mitego hii. Krediti inaweza kupokelewa na bado isikusaidie, ikiwa imewekwa kama somo la hiari tu wakati ulitaka izibe sharti. Uliza, "Itahesabiwa wapi?" Usiishie kwa "Mtaipokea?" Tena, usifanye mtihani wa somo ambalo fani yako inalihitaji kwa undani. Injinia anataka kalkulasi, na aljebra ya CLEP haitamfikisha mbali. Wa uuguzi anahitaji sayansi yenye maabara, na mtihani wa kompyuta hauna maabara. Na huwezi kuleta zote 120 kutoka nje: vyuo vingi hutaka angalau robo ya krediti uzisomee kwao.

Kwa wewe wa viza ya F-1 kuna moja zaidi, na hii usiisahau. Lazima usome muda wote, ambayo kwa digrii ya kwanza ni angalau krediti 12 kwa semesta, na ni kozi moja tu ya mtandaoni inayohesabiwa kwenye hizo 12. Mtihani wa CLEP hauhesabiwi. Kwa hivyo mitihani itakupunguzia idadi ya semesta, lakini haiwezi kukupunguzia mzigo ndani ya semesta. Aliyechanganya haya mawili anaweza kujikuta na shida ya uhamiaji, na huo ni moto mwingine.

Na kuna utamu kidogo. Vyuo vingi hutaka lugha ya kigeni. CLEP haina Kiswahili, ina Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Lakini ACTFL ina mtihani wa kuzungumza Kiswahili, na kuna vyuo vinavyoutolea krediti. Vingine hukataa kumpa mtu krediti kwa lugha aliyokua nayo. Uliza kwanza, usilipe kwanza.

Turudi nyumbani. Kenya tuna Sheria ya KNQF ya 2014, iliyoanzisha mamlaka ya KNQA ambayo kazi yake inajumuisha kuhakikisha masomo yanaweza kuhamishwa kutoka ngazi moja hadi nyingine. Mwaka 2024 ikaja sera ya kutambua ujuzi ambao mtu tayari anao, ile ya fundi aliyejifunza jua kali kupimwa na kupewa cheti. Ni hatua nzuri. Lakini jiulize: mtu aliyesoma mwaka mmoja na nusu chuo kikuu akakatizwa na karo, zile yuniti alizopita ziko wapi leo? Ziko kwenye faili la chuo, na bila matokeo rasmi mkononi ni kama hakusoma. Na mara nyingi matokeo hayo hayatoki mpaka deni liishe.

Mimi ni mmoja wa hao walioacha katikati, na mtaani tuko wengi. Hatuombi kupewa digrii ya bure. Tunachotaka ni namba moja ya pamoja kwa zile yuniti ambazo kila chuo hufundisha, kama Florida, na mtihani wa kitaifa wa bei nafuu kwa anayeweza kuthibitisha kwamba somo analijua. Texas na Florida hazikufanya hivi kwa huruma. Ziliona ni hasara jimbo kugharamia somo moja mara mbili kwa mwanafunzi yule yule. Serikali yetu nayo inagharamia vyuo vikuu vya umma. Hesabu ni ile ile.

Wakati tunasubiri, fanya hili wiki hii, uwe unaelekea Marekani au umebaki hapa: dai nakala rasmi ya matokeo yako pamoja na maelezo ya kila yuniti, yale ya mada na saa za masomo. Chuo kinachokupokea kitayataka hayo kabla ya kukupa krediti hata moja. Yaweke mahali salama. Hiyo ndiyo risiti ya nauli yako.