Nani Aandike Habari za Maji ya Flint?

Muhula huu Chama chetu cha Majadiliano kilizungumza juu ya hoja isemayo kwamba si haki kuwatengea waandishi wa jamii zinazobaguliwa kwa rangi ufadhili wa kuandika habari za mazingira. Hoja ilipita kwa kura nyingi. Walioiunga mkono walisema kwamba ubaguzi hauondolewi kwa ubaguzi mwingine. Msemaji mmoja alisema kuwa moshi hauchagui pua, akapigiwa makofi mpaka madirisha yakalia. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa, na kwa kuwa dakika tano za kila msemaji hazikunitosha, namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Ufadhili wa namna hii si zawadi apewayo mtu kwa ajili ya ngozi yake, wala si masomo ya bure. Ni fedha na muda. Mwandishi hulipiwa gharama zake apate kuifuata habari moja kwa miezi mingi, badala ya kukimbizwa na mhariri wake kutoka ajali ya leo hadi mkutano wa kesho. Huko Marekani, mwaka 2021, waandishi wa mazingira wasio wazungu walipata umoja wao uitwao The Uproot Project, ulio chini ya jarida la Grist, na umoja huo ukaanzisha ufadhili wa aina hiyo. Ndio uliotajwa sana katika mjadala wetu, na ndio ninaoutetea.

Sasa nirudi kwenye moshi na pua. Moshi hauchagui, ni kweli. Lakini ajengaye tanuri la kuchomea takataka huchagua mahali. Mwaka 1979 Bw. Robert Bullard, mtaalamu wa elimu ya jamii, alihesabu majaa ya takataka ya mji wa Houston, katika jimbo la Texas, ili kumsaidia mkewe ambaye ni mwanasheria. Mkewe alikuwa akiwatetea wakazi wa mtaa wa Northwood Manor waliopinga kuchimbiwa jaa jipya karibu nao. Bw. Bullard alikuta kwamba majaa yote 5 ya halmashauri ya mji yalikuwa katika mitaa ya watu weusi, na matanuri 6 kati ya 8 vilevile. Na watu weusi walikuwa kama robo tu ya wakazi wa Houston. Atakayesema kwamba hiyo ni shida ya umaskini wala si ya rangi, na ajue kuwa wakazi wa Northwood Manor hawakuwa mafukara. Wengi wao walikuwa na nyumba zao wenyewe. Kesi walishindwa, na jaa likachimbwa.

Lakini mfano ulionifanya nisimame kusema ni ule wa Flint, katika jimbo la Michigan. Wakati wa msiba huo mji huu ulikuwa na watu wapatao laki moja, na zaidi ya nusu yao walikuwa weusi. Zamani uliishi kwa viwanda vya magari. Viwanda vilipofungwa mmoja baada ya mwingine, hazina yake ikakauka, na mwaka 2011 serikali ya jimbo ikampeleka meneja wa dharura atawale badala ya watu waliochaguliwa kwa kura. Tarehe 25 Aprili 2014, ili kupunguza gharama, mji uliacha kununua maji ya Detroit, ukaanza kunywa maji ya Mto Flint. Maji hayo yalikuwa makali kwa mabomba, na dawa ya kuyazuia yasile mabomba haikutiwa. Mabomba mengi yalikuwa ya madini ya risasi. Hapana haja ya kuwa mwanafunzi wa kemia kujua kilichofuata.

Watu walilalamika tangu mwanzo. Walibeba chupa za maji yenye rangi ya kutu wakaenda nazo mikutanoni, walionyesha vipele vya watoto wao, waliandamana. Mwezi Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kilicho Flint kiliacha kutumia maji yale kwa kuwa yalikuwa yakila vyuma, kikatafutiwa maji mengine. Naomba msomaji alitafakari jambo hilo kidogo. Vyuma vya injini viliondolewa kwenye maji yale mwaka mzima kabla ya watoto.

Magazeti yalikuwa wapi? Sisemi kwamba hayakuandika neno. Yaliandika kwamba wakazi wanadai hivi, na maofisa wanakanusha. Yakamaliza hapo, kana kwamba kweli itapatikana katikati ya chupa ya maji machafu na karatasi ya ofisa. Gazeti la mji, The Flint Journal, lilikuwa limedhoofika: mwaka 2009 liliacha kutoka kila siku likawa la siku tatu kwa juma. Magazeti makubwa ya taifa hayakuja kwa wingi mpaka Januari 2016, ilipotangazwa hali ya hatari. Mwaka 2017 Bw. Derrick Jackson, mwandishi mweusi aliyeandikia gazeti la Boston Globe miaka mingi, alitoa uchunguzi wake juu ya jambo hili. Alionyesha kwamba malalamiko ya wananchi hayakupewa uzito na magazeti ya taifa mpaka wataalamu walipoyathibitisha. Mwaka huohuo Tume ya Haki za Raia ya Michigan ilitamka kwamba ubaguzi wa rangi uliojengeka katika taratibu za utawala ulichangia msiba ule.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kosa la waandishi hawa halikuwa uongo. Lilikuwa ni suala la nani anaaminika. Mwandishi hufundishwa kuthibitisha habari, na ni vema. Lakini katika kuthibitisha huamua, bila hata kujua, kwamba neno la huyu lahitaji mashahidi watatu na neno la yule lajitosheleza. Mwandishi ambaye shangazi yake anaishi karibu na jaa hana haja ya kuelezwa kwamba mama mwenye chupa mkononi huenda anasema kweli. Ataanza uchunguzi miezi kadhaa mapema. Na kwa mtoto anayekunywa risasi, miezi si kitu kidogo, maana madhara ya madini hayo katika ubongo hayaponi.

Wapinzani wangu walikuwa na jibu zuri, nami sitalificha. Walisema kwamba mwandishi aliyeifichua habari ya Flint, Bw. Curt Guyette, ni mzungu. Ni kweli. Mama mmoja, Bi. LeeAnne Walters, alikuwa amepimiwa maji nyumbani kwake mwezi Februari 2015, ikaonekana risasi sehemu 104 katika kila bilioni, hali kiwango cha serikali cha kuchukua hatua wakati huo kilikuwa 15. Baadaye mtaalamu wa Idara ya Kulinda Mazingira ya serikali kuu aliandika waraka wa onyo, Bi. Walters akampa Bw. Guyette, naye akautangaza Julai 2015. Msemaji wa idara ya mazingira ya jimbo akawaambia watu watulie. Hawakutulia. Mwezi Septemba Dk. Mona Hanna-Attisha, daktari wa watoto, alionyesha kwamba risasi imezidi katika damu ya watoto wa Flint, na Oktoba 2015 mji ukarudishiwa maji ya Detroit.

Lakini waliomtaja Bw. Guyette hawakutueleza alilipwa na nani. Hakuwa mwandishi wa gazeti. Aliajiriwa na tawi la Michigan la chama cha kutetea haki za raia, American Civil Liberties Union, kwa ruzuku ya Ford Foundation, na kazi yake ilikuwa kufuatilia mambo ya hao mameneja wa dharura tu. Yaani alikuwa na hichohicho tunachobishania: fedha na muda uliotengwa kwa watu wasiosikilizwa. Basi mfano huo waniunga mkono mimi kuliko wao. Wanionyesha pia, na hili nalikubali, kwamba rangi peke yake haitoshi. Mtu mweusi aliyekulia mbali na mabomba mabovu, akaja Flint siku mbili na kurudi hotelini, atakosea vilevile.

Tena kuna hatari ambayo hakuna aliyeitaja katika mjadala. Ufadhili huu waweza kugeuka zizi. Mhariri akishazoea kwamba fulani ndiye mwandishi wetu wa habari za majaa na sumu, hatamtuma Ikulu wala kwenye benki kuu, na kumbe uamuzi wa mahali pa kuweka jaa hufanywa katika ofisi za namna hiyo. Mwandishi anayetoka katika mtaa wenye sumu anafaa kabisa kuketi katika mkutano wa bajeti.

Malipo ya fidia kwa watu wa Flint, dola milioni 626, yalikubaliwa na mahakama mwezi Novemba 2021. Kazi ya kung'oa mabomba ya risasi iliyoamriwa na mahakama ilitangazwa kumalizika mwaka 2025, miaka 11 baada ya maji ya mto kufunguliwa. Magari ya televisheni yalikuwa yameondoka zamani. Mwandishi mwenye ufadhili wa miezi sita asingeona hata robo ya mabomba hayo yakitolewa ardhini. Basi laiti wenye fedha wangeniuliza, ningewaomba wafadhili waandishi wachache zaidi kwa miaka mingi zaidi, na fungu jingine walipeleke kwa gazeti la mji wenyewe ili limlipe mtu mmoja wa hapohapo, anayekunywa maji ya bomba lilelile analoliandikia.