Acheni kutuuzia seva kubwa

Wenzangu wa Kakuma, Nyarugusu, Nakivale na Dzaleka, salamu. Nanyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma huku kimyakimya, neno la leo ni lenu zaidi.

Kila tovuti ya vijana wakimbizi ikianguka, jibu ni lile lile: "Seva yenu ni ndogo, memori ya GB 1 haitoshi, ombeni bajeti mhamie kwenye kubwa." Wanaosema hivyo wana vyeo na kompyuta nzuri, basi sisi tunaitikia ndiyo na kuandika barua ya kuomba. Mimi nasema huo ni uvivu, bana. Uvivu wenyewe unalipiwa dola kila mwezi, na mradi ukiisha hakuna wa kulipa.

Tupige hesabu. Nyingi za seva hizi zina Apache ya kawaida, PHP ikiwa ndani yake, na WordPress juu. Kwa mpangilio ule unaoitwa prefork, kila anayefungua ukurasa anapewa mfanyakazi wake peke yake, na mfanyakazi huyo anabeba PHP nzima mgongoni hata kama kazi yake ni kupeleka kapicha ka nembo tu. Tuseme mmoja anakula MB 50. Wa kwenu mpimeni wenyewe, plagini zikiwa nyingi anazidi hapo. Sasa fungua faili la mipangilio kwenye Debian au Ubuntu, utafute MaxRequestWorkers. Kama hakuna aliyeligusa utakuta 150. Zidisha kwa 50: MB 7,500. Yaani seva ya GB 1 imeahidi GB 7 na nusu! Mfumo na databesi vikichukua MB 400 hivi, zinabaki 600 na kidogo. Hizo ni za wafanyakazi 12.

Ukinunua ya GB 2, ahadi bado ni 7,500. Ya GB 4, bado. Ni sawa na kuandikisha familia 150 kwenye ghala lenye magunia 12, halafu siku ya mgao unashangaa watu wanasukumana mlangoni. (Mafundi watanisahihisha kwamba wafanyakazi hao hushirikiana sehemu ya memori. Kweli. Kata hata nusu, uone kama itaenea.)

Memori ikijaa, seva inaanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na diski ni ya polepole. Kurasa zinachelewa, watu wanabonyeza tena na tena, wafanyakazi wanaongezeka. Mwisho Linux inachagua prosesi moja ya kuua, na mara nyingi inaangukia databesi kwa sababu ndiyo nene. Ndo ule ujumbe wa WordPress mnaoujua, kwamba imeshindwa kuunganishwa na databesi. Na huwa unatokea lini? Wiki ya mwisho ya maombi ya ufadhili wa DAFI, wakati kila mtu anautafuta ukurasa wa mwongozo. Kijana akiikosa wiki hiyo, huenda akangoja mwaka mwingine, na wengine umri wao haungoji.

Kuna jambo ambalo wataalamu wa mjini hawalioni kabisa, kwa sababu wanapima tovuti wakiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi. Msomaji wetu yuko kwenye 2G, amesimama karibu na mti ule wenye mtandao. Ukurasa wa MB 2 kwa kasi ya KB 10 kwa sekunde unashuka kwa sekunde 200, zaidi ya dakika tatu. Muda wote huo mfanyakazi wa MB 50 amesimama na sahani mkononi akimngoja mtu mmoja amalize kula. Akimaliza, Apache inamwacha angoje sekunde 5 zaidi, labda mgeni ataomba kingine. Wageni 12 wa namna hiyo, na seva imefungwa. Mtandao mbovu wa kambini unakula memori ya mashine iliyoko Frankfurt! Hapo hata ukiongeza memori, unawaongezea tu waliosimama na sahani.

Dawa ipo siku nyingi. Igor Sysoev, Mrusi, alitoa nginx mwaka 2004: prosesi chache tu, kila moja inahudumia mamia na maelfu ya wageni kwa pamoja, na kila mgeni anagharimu memori kidogo sana. Unaiweka mbele, PHP unaihamishia nyuma kwa PHP-FPM. PHP inapika ukurasa, inaukabidhi, inarudi kazini. Anayebaki akimlisha mtu wa 2G kijiko kwa kijiko ni nginx. Picha hazipiti kwa PHP kamwe. Pale kwenye pm.max_children andika idadi ambayo memori yako inaibeba kweli. Na tangazo ambalo ni lile lile kwa kila msomaji, kwa nini lipikwe upya kutoka kwenye databesi kila linapofunguliwa? Lihifadhi kama faili la HTML, basi.

Hutaki kuhama Apache? Shusha 150 iwe 12, na KeepAliveTimeout iwe 1. Mgeni wa 13 atapanga foleni kidogo. Foleni tunaijua, ila databesi haitauawa.

Najua jibu la ofisini: "Muda wa fundi ni ghali kuliko memori." Kwenu, ndiyo. Kambini wapo vijana waliomaliza kozi zenu za kompyuta, wana cheti na hawana kazi, na nenosiri la seva mmelishika ninyi. Tunachokosa ni dola za kila mwezi na kadi ya benki ya kuzilipia. Mnaokoa kile tulicho nacho tele na kutumia kile ambacho hatuna.

Kwa hiyo kabla ya barua nyingine ya bajeti, tupeni nenosiri na wiki mbili. Tutaandika matokeo ya free -m kila saa, asubuhi hadi usiku, tuyabandike hapa kila mtu aone. Tukishusha 150 kuwa 12, nginx ikakaa mbele, na bado tovuti ikaanguka, barua ya kuomba seva kubwa nitaisaini mimi wa kwanza.