Kilwa Si Kituo cha Kuchimba Dawa

Nasema wazi tangu mwanzo, asiyependa na afunge ukurasa. Ile safari ya mapumziko inayouzwa kwa vipeperushi vya rangi, ya kuunganisha miji ya kale na hoteli ya ufukweni, imepangwa kichwa chini miguu juu. Na wa kulaumiwa kwanza si mgeni mwenye kamera. Ni sisi vijana wa mjini, hasa sisi tunaojiita waandishi.

Mnaijua safari yenyewe. Bagamoyo nusu siku. Kilwa Kisiwani asubuhi moja. Mji Mkongwe wa Zanzibar usiku mmoja, mbio mbio, picha ya mlango wa nakshi na pakiti ya karafuu. Halafu Nungwi siku nne nzima, kulala kifudifudi mchangani. Miji iliyojengwa kwa karne nyingi imekuwa kachumbari, pilau ni ufukwe!

Hebu tuitazame hiyo asubuhi moja ya Kilwa. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 akausifu mji. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 ukaja kupanuliwa baadaye. Kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililoinuliwa juu ya mwamba likitazama bahari. Watu wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe za shaba, na dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwao. Mwaka 1505 Wareno wakaja, wakavamia na kupora. UNESCO iliandikisha magofu hayo pamoja na ya Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, ikayatoa mwaka 2014. Yote hayo eti uyamalize kabla ya chakula cha mchana? Lo!

Na kinachoniudhi zaidi ni lile neno la vipeperushi: "mji uliokufa." Umekufa kwa nani? Kisiwani pale pana kijiji. Pana wavuvi, pana akina mama, pana watoto wanaocheza kando ya kuta hizo hizo. Kama mji umekufa, hao ni mizimu?

Sasa nawageukia nyinyi washikaji wa kalamu. Karne ya 16 mtu wa Kilwa aliketi akaandika kwa Kiarabu historia ya mji wake. Jina lake hatulijui. Simulizi ya wafalme wa Kilwa ikachapishwa kwa Kireno na João de Barros mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 ipo London. Huko Pate nako, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba yaliyoporomoka akatunga Al-Inkishafi. Hakupita pale kungojea boti ya kwenda kuogelea. Aliyatazama magofu mpaka yakamsemesha juu ya kiburi, mali na mauti.

Sie je? Tunamwachia kazi mwandishi wa kipeperushi. Kisha tunalalamika kwamba hatuna la kuandika, ati mada zimekwisha!

Zimekwisha wapi? Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliopima mifupa ya watu wa kale kutoka miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo, ulionyesha kwamba wengi wao upande wa mama walikuwa Waafrika, na upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Mwanasayansi kazi yake inaishia hapo. Yule bibi alimkubaliaje mgeni wa jahazi? Nani alipeleka posa? Watoto walitukanwa kwa lugha gani? Hapo pana riwaya nzima, bwana, na mchimba magofu hawezi kukuandikia.

Najua mtanijibu. Kwanza mtasema utalii unalisha watu. Kweli unalisha, na mwenye mashua wa Kilwa Masoko simnyang'anyi riziki yake. Lakini mgeni akikaa Kilwa siku tatu badala ya asubuhi moja, si ndiyo atalala pale, atakula pale, na atamlipa mwongozaji mara tatu? Siku zikihamishwa kutoka mchangani kwenda mjini, riziki nayo inahama.

Pili mtasema sisi walalahoi, safari ni za wenye nazo. Hii ni longolongo. Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu kutoka Dar es Salaam, basi lipo. Kaole, penye msikiti na makaburi ya kale, hapako mbali na mji. Mwananchi kiingilio chake ni kidogo kuliko cha mgeni. Hela ya kujirusha Jumamosi moja inatosha, na chenji inabaki.

Tena haraka ipo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Mawe yana mafundi wake, na chokaa inapatikana. Lakini mzee anayejua nani alikaa nyumba ipi, na kwa nini mtaa unaitwa hivyo, akishazikwa hakuna fundi wa kumjenga upya.

Kwa hiyo natoa shauri, na ninalitoa kwa ukali. Kila mwandishi wa kundi letu achague mji mmoja wa kale. Aende na daftari. Akae siku mbili, aulize wazee kwa adabu, ale wanachokula, asikilize. Baharini aende jioni, saa moja inatosha, maji ya chumvi hayana haraka. Na gazeti hili litenge kurasa mbili kila toleo kwa watakayoleta.

Anayeona shauri hili baya alete lake. Ila asilete shairi la mawimbi na machweo ya Nungwi. Hayo tumeshayasoma kwenye vipeperushi.