Kiswahili nchini Uganda: Sheria ipo, walimu wako wapi?

Mapema Julai 2022, siku chache kabla ya ulimwengu kuadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili Duniani, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia utekelezaji wa agizo la wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya, pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Baraza hilo lilipendekeza pia kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari, na kwamba wabunge, mawaziri na wanahabari wapatiwe mafunzo ya lugha hiyo.

Nje ya Uganda, tangazo hilo lilionekana kuwa ukurasa mpya. Kwa Waganda wenye umri mkubwa lilikuwa na sauti waliyokwisha kuisikia. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, baada ya Kiingereza. Hii, basi, ni mara ya tatu ndani ya nusu karne kwa dola ya Uganda kukipandisha Kiswahili cheo. Swali linalobaki ni kama safari hii cheo kitaandamana na kazi.

Historia yenye makovu

Upinzani dhidi ya Kiswahili nchini Uganda haukuanza na wanasiasa wa leo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana wa Kiingereza William Gowers alipendekeza kitumike katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alipinga waziwazi, na maaskofu wa makanisa makubwa nao wakapinga. Kwa Buganda, suala halikuwa sarufi wala msamiati. Wakati huo London ilikuwa ikitafakari kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya utawala mmoja, na Waganda waliwaona walowezi wa Kenya wakimiliki ardhi ya Waafrika. Kukubali lugha ya muungano kulionekana kuwa hatua ya kwanza ya kukubali muungano wenyewe. Wamisionari, kwa upande wao, walikuwa wamekwisha wekeza katika Luganda: Biblia, vitabu vya shule na magazeti.

Hata hivyo, Uganda haikuwa nje ya historia ya lugha hii. Ilikuwa mwanachama wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili katika Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1950 makao ya kamati hiyo yalikuwa Makerere. Nchi ambayo shule zake zilikikwepa Kiswahili ndiyo iliyowahi kuwahifadhi wataalamu waliokisanifu.

Kiswahili kilipata makao ya kudumu kambini. Jeshi la kikoloni, lililowakusanya askari wa makabila mengi, lilikitumia kutoa amri, na majeshi yote yaliyofuata yakairithi desturi hiyo. Matokeo yake ni kwamba raia wengi wa mijini na vijijini walikutana na lugha hii kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, ikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, maneno mawili ya kawaida kabisa, "panda gari", yaligeuka kuwa jina la misako ambayo wanajeshi waliwakamata watu na kuwapakia kwenye malori. Wengine hawakurudi.

Kovu la namna hiyo halifutwi na ibara ya Katiba. Mzazi aliyeijua lugha kupitia hofu hana haraka ya kumsukuma mwanawe aisome, hata kama serikali inamwambia kuwa ni lugha ya biashara na udugu.

Kwa nini sasa

Mazingira, hata hivyo, yamebadilika. Uganda haina bahari. Mizigo yake mingi hupita Mombasa na Dar es Salaam, na mafuta yake ghafi yamepangiwa kusafiri katika bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Dereva wa lori, wakala wa forodha, fundi wa bomba na mwanamke anayevusha mahindi au nguo mpakani hufanya kazi mahali ambapo Kiingereza hakiwafikishi mbali.

Upande wa magharibi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake nne za taifa, na ndiyo lugha ya masoko ya mashariki mwa nchi hiyo. Wanajeshi wa Uganda walioingia huko tangu Novemba 2021 kupambana na waasi wa ADF hawakuhitaji mkalimani katika mambo mengi ya kila siku. Mfanyabiashara wa Kampala asiyejua Kiswahili anamhitaji.

Rwanda, ambako karibu raia wote huelewana kwa Kinyarwanda, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Kenya ilikipa hadhi ya lugha rasmi, sambamba na Kiingereza, katika Katiba ya mwaka 2010. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Mnamo Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi. Uganda ilikuwa inaelekea kuwa kisiwa.

Lugha ya pili ya nani?

Mjadala wa Uganda hutofautiana na ule wa nchi nyingine kwa sababu moja ya msingi: kwa mtoto wa Uganda, Kiswahili mara nyingi si lugha ya pili bali ya tatu. Nchi ina lugha zaidi ya 40. Mtaala ulioanza mwaka 2007 unaelekeza mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya eneo lake, darasa la nne liwe la mpito, kisha Kiingereza kitawale. Kuongeza Kiswahili ni kuongeza mzigo kwenye ratiba ambayo tayari inalemea.

Mzigo huo, hata hivyo, haulingani kwa wote. Msemaji wa Luganda, Runyankore au Lusoga anakuja darasani akiwa na nusu ya safari. Ngeli za majina na upatanisho wake anazijua kutoka lugha ya mama. "Omuntu" na "mtu", "abantu" na "watu" si wageni kwa wenzao. Luganda yenyewe imekwisha pokea maneno yaliyokuja na misafara kutoka pwani, kama "ekitabo" na "essaawa". Kwa Mwacholi au Mlango wa kaskazini, ambaye lugha yake ni ya Kiniloti, mfumo wa ngeli ni mpya kabisa. Lakini huko huko kaskazini, hasa Nile Magharibi, utumishi wa jeshini na biashara na Kongo vimekifanya Kiswahili kuzoeleka zaidi kuliko katika sehemu nyingi za Buganda.

Hapo ndipo penye mantiki ya kisiasa ya Kiswahili. Hakuna lugha ya asili ya Uganda inayoweza kufanywa ya taifa bila wengine kuhisi wamemezwa. Luganda ina wasemaji wengi na historia ndefu ya maandishi, lakini ni lugha ya ufalme mmoja. Kiingereza si cha kabila lolote, lakini ni cha walioenda shule. Asiyemaliza masomo hubaki nje ya mahakama, nje ya ofisi ya wilaya, nje ya habari zinazohusu maisha yake. Kiswahili kina faida zote mbili kwa pamoja: si cha kabila lolote la Uganda, na mtu anaweza kujifunza sokoni bila cheti.

Kizingiti cha darasani

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Kwenye karatasi, mlango umefunguliwa. Darasani, tatizo ni walimu. Nchi ambayo haikukifundisha Kiswahili kwa upana kwa vizazi kadhaa haiwezi kuwapata walimu wa kila shule kwa tamko la siku moja. Mwalimu mwenyewe huhitaji miaka kuandaliwa, na anayemwandaa naye huhitaji kupatikana.

Tatizo la pili ni mtihani. Kwa miaka mingi mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umejengwa juu ya masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Shule hupimwa kwa matokeo ya masomo hayo, na wazazi huchagua shule kwa kuyatazama. Somo lisilo na alama hupewa kipindi cha mwisho cha Ijumaa.

Njia za mkato zipo, ingawa hazina umaarufu wa kisiasa. Tanzania na Kenya zina walimu waliofuzu ambao hawana ajira, na itifaki ya soko la pamoja inatoa msingi wa watu kuvuka mpaka kufanya kazi. Ndani ya Uganda kwenyewe, nchi inayohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, makambi kama Nakivale na Kyangwali yana Wakongo wengi wanaokizungumza Kiswahili kila siku, baadhi yao wakiwa walimu kwa taaluma. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Kinachohitajika ni utaratibu wa kuvitambua vyeti vyao na kuwanoa katika Kiswahili sanifu.

Funzo kutoka kwa majirani

Rwanda imekwisha onyesha gharama ya kwenda haraka. Mwaka 2008 iliamua kuhamisha lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na maelfu ya walimu wakajikuta wakifundisha kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa bado wanajifunza. Uganda haikusudii kubadili lugha ya kufundishia, na hilo linaipunguzia hatari. Lakini kanuni ni ile ile: lugha haisogei mbele ya mwalimu wake.

Tanzania nayo inatoa funzo la aina nyingine. Kiswahili kiliota mizizi kwa sababu kilitumika katika siasa, redio, shule ya msingi na ofisi ya kijiji kwa wakati mmoja. Hata hivyo, sekondari na vyuo vyake bado vinafundisha kwa Kiingereza, na mjadala wa kubadili hali hiyo haujaisha. Hata nyumbani kwa Kiswahili, hadhi na matumizi havijakutana kikamilifu.

Yatakayoamua

Katiba ya Uganda inasema Kiswahili kitatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Sentensi hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Bila sheria ya kueleza ni wapi, na nani, na kwa jambo gani, lugha rasmi ya pili ni cheo kisicho na ofisi. Septemba 2019 Baraza la Mawaziri liliridhia kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili. Chombo cha namna hiyo kinaweza kusimamia tafsiri, istilahi na mafunzo, mradi kipewe bajeti na mamlaka.

Raia hatakipima Kiswahili kwa hotuba za tarehe 7 Julai. Atakipima siku atakapoweza kuwasilisha malalamiko yake polisi kwa lugha hiyo na yakaandikwa. Siku fomu ya forodha huko Mutukula au Busia itakapokuwa na Kiswahili upande mmoja. Na siku alama ya mwanawe katika somo hilo itakapohesabiwa. Kizazi kilichokisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza katika amri ya askari kinapungua. Kizazi kinachofuata kitakipokea kutoka kwa mwalimu, ikiwa mwalimu huyo atafika.