AFYA YETU: Sikio na Kazi Yake ya Pili



Akina mama wengi wa Handeni na Korogwe hubeba ndoo ya maji kichwani. Ngata iko chini ya ndoo. Mikono haishiki. Njia ina mawe, lakini maji hayamwagiki.

Mwaka 1986 watafiti waliwapima wanawake wa Kikuyu na Wajaluo nchini Kenya. Waliona kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba kichwani sehemu moja ya tano ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya anapotembea bila mzigo.

Je, mwili unajuaje kwamba unaegemea upande? Una wasaidizi 3. Macho huona njia. Miguu huhisi ardhi. Msaidizi wa tatu amejificha ndani ya sikio.

Ndani kabisa ya kila sikio mna mirija 3 midogo iliyopinda. Mirija hiyo ina majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji husukuma vinyweleo vidogo sana. Habari hufika kwenye ubongo, nao ubongo huiamuru miguu.

Zungusha maji ndani ya sufuria kwa mwiko. Toa mwiko. Maji bado yanazunguka. Ndivyo inavyokuwa kwa mtoto anayecheza kwa kuzunguka. Akisimama, majimaji ya sikio bado yanakwenda. Anaona dunia inazunguka, anaanguka.

Daktari Robert Bárány wa Austria aliwasafisha wagonjwa masikio kwa maji. Maji ya baridi yalileta kizunguzungu, na macho yakachezacheza. Maji ya moto yakayafanya macho yacheze kwa upande mwingine. Akatambua kwamba baridi na joto huyaendesha yale majimaji. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914.

Sisi tunajifunza nini?

Mtu mwenye kizunguzungu asiambiwe kwamba amerogwa. Huenda ni sikio. Huenda ni malaria, njaa au upungufu wa damu. Aende zahanati akapimwe.

Usichokoe sikio kwa njiti. Usitie mafuta ya moto.

Usiku macho hayaoni vizuri. Msaidizi mmoja amepungua. Mpe mzee taa na mkongojo.

Mtoto akitoka usaha sikioni, usiseme utakwisha wenyewe. Ugonjwa unaweza kuingia ndani, akapoteza kusikia na kuanza kuyumba. Mpeleke zahanati leo, usingoje kesho.