Kabla ya Kuchangishana Maikrowevu Mpya

Wiki ya tatu ya muhula huu, maikrowevu ya geto letu ilianza kutoa cheche. Tuko watano, tumepanga nje ya chuo, na mashine yenyewe tulichangishana mwaka jana bumu lilipotoka. Bahati mbaya, siku ya cheche aliyekuwa anapasha wali maharage ni dogo wa mwaka wa kwanza. Bila kikao wala ushahidi, akawa yeye ndiye muuaji.

Ndani ya dakika kumi, kundi letu la WhatsApp lilikuwa limeshahukumu: inunuliwe mpya, laki moja na themanini, na dogo atoe nusu. Elfu tisini! Mtu ambaye mkopo wake ni nusunusu na chakula anakula mara mbili kwa siku. Wala hakubishana. Aliandika "sawa" tu. Hiyo "sawa" ndiyo iliyoninyima usingizi.

Wanafunzi wenzangu, tuna ugonjwa wa kuamua kununua kabla ya kujua kilichokufa ni nini. Mjadala wa "tutengeneze au tununue" hauna maana mpaka mtu anayejua aiangalie.

Na asiwe wewe. Mimi nilishashika bisibisi, akanizuia mwenzetu anayesoma umeme. Ndani ya maikrowevu kuna kapasita inayoweza kubaki na umeme wa volti elfu mbili na zaidi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Umeme huo unaua. Video za mtandaoni zisikudanganye.

Nikapakia mashine kwenye bodaboda hadi kwa fundi. Hata kifuniko hakufungua. Alifungua mlango, akanionyesha kwa kidole kijikaratasi kigumu ukutani, upande wa kulia. Kinaitwa maika, kazi yake ni kuziba tundu ambalo mawimbi hupita kuingia kwenye chakula. Chakula kikirukia pale na kisifutwe, kinaungua, kinageuka mkaa, na mkaa huo ndio unaozaa cheche.

"Mdogo wangu, hii haijaharibiwa na mtu mmoja," akasema. "Haya ni mafuta ya miezi."

Mafuta ya miezi, yaani ya kwetu sote watano. Dogo alikuwa na wiki tatu tu pale ndani. Fundi akakata kipande kipya kwa mkasi, akakipachika, akajaribu na kikombe cha maji. Elfu nane, pamoja na ufundi.

Sisemi kila mashine itengenezwe. Mlango ukipinda au usipofunga vizuri, usiendelee kuitumia, kwa sababu ndio unaozuia mawimbi yasitoke nje. Sahani ikizunguka na taa ikiwaka lakini chakula kikabaki baridi, huenda ni fyuzi au dayodi, vitu vya bei ndogo. Huenda pia ni magnetroni, moyo wa mashine, na hapo bei inapanda. Kanuni yangu ni nyepesi: fundi akitaja zaidi ya nusu ya bei ya mpya, achana nayo. Akitaja chini ya hapo, tengeneza.

Najua wapo watakaosema fundi ni kutupa hela, leo utatengeneza hiki, kesho kitaharibika kingine. Inatokea. Ila hata hiyo mpya, tukiipeleka kwenye uchafu uleule, itatoa cheche zilezile. Tatizo letu halikuwa mashine. Kila mtu alichangia kununua, hakuna aliyechangia kufuta.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sasa tuna daftari, limening'inizwa kwa uzi pembeni ya jokofu. Ukipasha, unafunika chakula na unafuta. Kila mwezi kila mtu anaweka buku moja ya matengenezo. Kitu kikiharibika, tunalipia kwenye mfuko huo kwanza, na hakuna anayetajwa jina kabla fundi hajasema.

Dogo alilipa elfu moja na mia sita, sawa na sisi wengine. Mashine inafanya kazi mpaka leo. Kikao cha kumwomba radhi ndicho bado hatujakaa, na makala hii ikitoka, hatutakuwa na kisingizio.